Kiyoyozi kinapuliza, baridi hamna

Swali: Fundi, kiyoyozi changu kinatoa upepo tu. Jirani anasema niongeze gesi. Nifanyeje?

Jibu: Gesi haiishi kwa matumizi kama mafuta ya gari, inazunguka humo humo miaka yote. Ikipungua, imevuja. Ila anza na chujio, kioshe. Mara nyingi ugonjwa wenyewe ni vumbi, na jirani hajui. Bado? Chungulia maungio ya mabomba kwenye mashine ya nje: penye utelezi wa mafuta, shuku hapo. Anayekuja na mtungi bila kutafuta tundu, mwambie arudi alikotoka. Fundi wa kweli huziba, hunyonya hewa yote kwa pampu, ndipo apime gesi kwa mizani, gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Na gesi zina aina: R-32 haichanganywi na R-410A, hata tone.