Boneti imepasuka, epoksi haishiki

SWALI: Boneti ya plastiki ya pikipiki yangu ya theluji ina ufa wa sentimita 20 unaoanzia kwenye tundu la skrubu. Nimepaka gundi ya epoksi mara mbili, na mara zote mbili imebanduka kama ganda la yai. Nakosea wapi?

JIBU: Huenda umekosea dawa tu. Geuza boneti utafute herufi zilizochapwa kwa ndani. Zikiwa PP, PE au TPO (alama za aina za plastiki), epoksi haina pa kung'ang'ania; plastiki hizo huungwa kwa joto. Hakuna herufi? Kata kipande kidogo, kitie majini: PP na PE huelea, ABS, aina nyingine ya plastiki, huzama.

Toboa tundu la milimita 3 pale ufa unapoishia, la sivyo utaendelea kutambaa. Safisha mafuta yote. Kwa upande wa ndani, chimba mfereji wa umbo la V hadi nusu ya unene. Zamisha wavu mwembamba wa chuma kisichoshika kutu kwa ncha ya moto ya kifaa cha kulehemu nyaya, kisha jazia kijiti cha plastiki ya aina ile ile. Iyeyuke mpaka ing'ae. Ikitoa moshi na kugeuka kahawia umeiunguza, na hapo ndipo patakapovunjika tena. Ipoe yenyewe, usiimwagie maji.

ABS haina usumbufu huo: vipande vyake huyeyuka kwenye kiyeyushi kiitwacho asetoni vikawa uji mzito wa kujazia. Uache usiku kucha kabla ya kupiga msasa. Kazi zote mbili zifanyie penye hewa.

Skrubu nayo iwekee washa (pete bapa) pana ya mpira, na usiikaze mno. Kwenye baridi kali plastiki hukakamaa, na ufa huanzia hapo.