Neno la shukrani nililolitoa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenikuta hapa Kaloleni, mvua inanyesha na Meru wala hauonekani. Umeuliza kama mwanariadha mwenye kipaji akosolewe anapohutubia vibaya, au aachwe kwa kuwa kazi yake ni mbio. Wenzako huko Dodoma wamekulaumu kwa kumsahihisha yule kijana mbele ya ukumbi.

Mimi nitakuambia habari za siku niliyonyamaza.

Unayakumbuka mahafali ya darasa la saba ya kaka yako. Mgeni rasmi alikuwa mkimbiaji, medali mbili shingoni. Watoto walikuwa wakimvizia getini Uwanja wa Sheikh Amri Abeid wamwone tu akitoka mazoezini. Akashika kipaza sauti, akasema hesabu hazikumsaidia kitu, miguu ndiyo iliyomjengea nyumba. Watoto wakashangilia mpaka mabati yakavuma. Nami, mwalimu wa hesabu, nikasimama kutoa neno la shukrani. Nikasema tumepokea hekima. Hekima! Mpaka leo nikiwa peke yangu jikoni neno hilo hunirudia, likanichoma upya.

Ya kaka yako baada ya pale unayajua, siyaandiki.

Na jibu nilikuwa nalo! Filbert Bayi, mtu wa Karatu, mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Hiyo ni mizunguko mitatu na robo tatu ya uwanja, kila mzunguko kama sekunde 56.6. Aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Utaongozaje hivyo kama hujui kichwani kila mzunguko umekula sekunde ngapi? Na Bayi huyo huyo baadaye akajenga shule Kibaha. Ningeyasema hayo kwa dakika mbili, kwa heshima zote, watoto wangali wamekaa.

Anayesema na watoto wa watu apimwe kwa alichosema. Hilo nimelishika, siliachii.

Lakini najiuliza tena, kosa lilikuwa la yule mgeni wetu peke yake? Tulimwita bila kumwambia watoto wetu walihitaji kusikia nini. Kiiraqw ndiyo lugha ya kwao, na walimu wenzangu kule nyuma walikuwa wakicheka lafudhi yake badala ya kusikiliza maneno yake. Hiyo ni dharau tupu. Kama nawe ulimcheka yule kijana matamshi, hapo hatuko pamoja.

Ila wasikudanganye kwamba wakimbiaji hawana maneno. John Stephen Akhwari wa Mbulu, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968, alianguka njiani, mguu ukafungwa bendeji, akaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akasema nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kumaliza. Nani alimfundisha kuhutubia? Basi naye tunampima kwa alichosema, ndiyo maana tunakirudia mpaka leo.

Kama ulifanya vema huko Dodoma, sitasema, ingawa ulimi unaniwasha. Sikuwepo. Umeniandikia kurasa mbili za uliyoyasema wewe. Yeye alikujibu nini, hukuandika. Niandikie hilo.

Mama yako