Barua kwa mwanangu: gauni la kijani na vikombe vya wageni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nimesimama mlangoni kwa pupa, mara ya pili nimekaa barazani na miwani yangu, nisije nikakujibu lisiloulizwa. Umeniuliza kama, utakapokuja Tanga Desemba hii, uje na magauni yako ya mtindo wa miaka ya 1940 na 1950, yale unayoyasaka kila Jumamosi kwenye maduka ya mitumba ya wahisani huko Leeds, au uyaache kabatini uje na nguo za kawaida ili watu wa mtaani wasikucheke. Ukaongeza kwamba ungependa alasiri moja uwaandalie mama zako wadogo chai kamili ya Kiingereza, yenye skonzi, jemu na keki ya Victoria, ila unachelea wasije wakaona unajidai.

Kuhusu kuchekwa sina mengi ya kusema. Mitumba hushushwa hapa kwa marobota, na wasichana wa Ngamiani hujua kuinua gauni moja tu kutoka kwenye rundo wakalitambua kuwa limeshonwa na fundi aliyejua kazi yake. Hakuna atakayeshtuka. Kinachonishughulisha ni ile picha uliyoikuta kwenye albamu, mimi nimesimama barazani kwa bibi yako na gauni la kijani lenye maua madogo meupe, picha ambayo unasema ndiyo iliyokutia mapenzi ya mavazi ya kale. Habari zake hukuniuliza. Nitakueleza hata hivyo, kwa sababu sijapata kumsimulia mtu mpaka mwisho wake, hata baba yako.

Gauni lile nililipewa. Nilipokuwa nasomea uuguzi hukohuko Leeds, mwaka wangu wa pili nilihama bweni nikapanga chumba kwa mama mmoja mjane, mtu mzima, aliyevaa nguo zake za ujanani bila kuona haya, kwa kuwa zilikuwa bado nzima. Jioni ya kwanza aliniambia nishuke kwa chai. Mimi nilikwisha kula nikashiba, nikidhani naitiwa kikombe na biskuti, nikakuta meza imejaa nyama ya nguruwe iliyokaushwa, viazi, mkate na kachumbari ya siki. Huko Yorkshire, jimbo lenye mji wa Leeds, watu wa kazi huita chai kile chakula chao cha jioni, na yule mama, alipoona nakodolea nyama macho, aliiondoa mwenyewe bila kuuliza swali, akanikaangia mayai. Tangu siku hiyo nilimpenda.

Aliniambia gauni lile lilimgharimu kuponi 7 wakati wa vita. Nguo zilianza kugawiwa kwa kuponi mwaka 1941, na mwaka ule wa kwanza kila mtu mzima alipewa kuponi 66 tu, kwa hiyo gauni lilichaguliwa kama mtu anavyochagua mchumba. Ndiyo maana pindo lake lilikuwa na akiba ya kitambaa, na mishono ya ndani ilifungwa kwa mkono ili isifumuke. Chai nayo ilikuwa kwa mgawo, wakia 2 kwa mtu kwa wiki mwanzoni, na haikuachiliwa huru mpaka mwaka 1952. Hata nilipomkuta mimi, miaka ya 1970, hakuwahi kutupa karatasi ya siagi. Aliikunja akaiweka, na siku ya kuoka aliipitisha ndani ya chombo cha kuokea keki mpaka kikang'aa mafuta. Nilipoona vile nilimwona bibi yako akisuuza kopo la maziwa kwa maji ya moto na kuyarudisha kwenye sufuria ya chai. Nikajua nipo nyumba salama.

Msemo wake mkubwa ulikuwa kwamba kitu kizuri ni cha kutumiwa. Umeusikia kwangu tangu utotoni, na sasa unajua nilikoutoa. Aliponipa gauni nilikataa, nikisema ni zuri mno, akanijibu kwa msemo huohuo, akakaa sakafuni na pini mdomoni akanirekebishia kiuno.

Yeye ndiye aliyenifundisha keki ya Victoria. Unapima mayai na maganda yake, kisha unapima siagi, sukari na unga uzito uleule, na katikati unapaka jemu, na juu unanyunyiza sukari laini basi, bila urembo mwingine. Keki ya namna hiyo huinuka kwa sababu ya ule unga wa kuumulia ambao Alfred Bird wa Birmingham aliutengeneza mwaka 1843. Kabla yake mpishi mara nyingi alitegemea hamira au nguvu ya mkono kupiga mayai. Na mkate wetu wa mayai, mwanangu, mpaka leo unasimama kwa nguvu ya mkono peke yake. Mimi sikuona kwamba najifunza kitu kigeni kabisa. Saa ya chai yao na saa kumi yetu ni moja. Hata neno skonzi tumelichukua kwao, ingawa tulipolileta tulilivika umbo jingine: skonzi yetu ni mkate mlaini wa hamira, na yao ni kitu kifupi kinachokatika kwa vidole, kisichokawia mezani. Watu wa Devon hupaka malai kwanza ndipo jemu, na watu wa Cornwall hupaka jemu kwanza, na hilo wanalishikilia kwa dhati kama sisi tunavyoshikilia kiasi cha hiliki kwenye mahamri.

Basi mwaka 1976 nikapata likizo ya kuja nyumbani, safari yangu ya kwanza baada ya miaka minne. Nilipanda ndege ya East African Airways, miezi michache tu kabla shirika lile halijavunjika, kisha basi kutoka Dar es Salaam kupitia Chalinze na Segera. Gauni la kijani nililichagua kwa makusudi. Nilikuwa msichana wa shule wakati wa Operesheni Vijana, Januari 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ulipopiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana na mawigi, na sikutaka kuingia kwa mama yangu na kitu cha kumtia aibu. Gauni la mwaka wa vita lilivuka magoti, lilikuwa na kola na mikono ya heshima. Niliona nimefikiri vizuri.

Siku ya pili niliwaandalia chai. Nilioka keki ya Victoria kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, kama bibi yako alivyooka mkate wa mayai, na jemu nilikuwa nimeibeba kwenye sanduku imefungwa ndani ya soksi. Siagi iliyeyuka kwa joto kabla sijaichanganya, lakini keki iliinuka. Ilipofika saa kumi nilitoka nayo barazani. Mkeka umetandikwa, mama zako wadogo wamekaa, jirani wawili wamekaa, na mbele yao vikombe vya bati vilevile nilivyonywea tangu nilipoachishwa ziwa. Pembeni ya mkeka bibi yako ameweka kiti. Mbele ya kiti ameweka kijimeza chenye kitambaa cha kufuma, na juu yake kikombe cha kaure chenye mawaridi na kisahani chake, vile vya kabatini, alivyovinunua kimoja kimoja kwa fedha za vitumbua na ambavyo sikuwahi kumwona akivitoa isipokuwa kwa daktari, mwalimu mkuu na wakwe.

Nilidhani kuna mgeni anakuja. Nikaenda kukaa mkekani, kwenye nafasi yangu karibu na nguzo, naye akanizuia kwa mkono, akasema kwa upole mkubwa: "Usikae chini, mwanangu, utachafua gauni."

Nikakaa kwenye kiti. Nikanywa. Nilipoinua kikombe niliona chini yake pameandikwa England, maana vingi vya namna ile vilitoka kwa wafinyanzi wa Stoke-on-Trent, na machozi yakanijia, nikasema ni moshi wa makaa. Waliisifu keki. Bibi yako alikula kipande chake chote, akaokota na makombo. Picha ile ndiyo iliyopigwa jioni hiyo, na ukiitazama vizuri utaona miguu ya kiti nyuma yangu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikalisubiri jembe langu. Siku ya tatu niliamka alfajiri nikachukua mbuzi ya nazi, nikaketi nianze kukuna, naye akaja akainyanyua nazi mkononi mwangu akasema nipumzike. Siku ya kumi vivyo hivyo. Siku ya ishirini vivyo hivyo. Kila saa kumi kiti, kijimeza, kikombe cha mawaridi. Mwanangu, nimeuguza watu, nimezika watu, lakini kitu kilichonikaa rohoni kama mwiba wa samaki ni kile kikombe.

Mama yako mdogo amenipinga kwa hili maisha yake yote. Anasema mama alikuwa akijivunia. Mtoto wa muuza vitumbua amerudi muuguzi, utamtoleaje bati? Anasema kila jioni nilipokwenda kulala bibi yako alikiosha kikombe kile yeye mwenyewe, hakumwachia mtu, akakifuta kwa upindo wa kanga yake. Najua anasema kweli. Labda nami nilikuwa na kiburi cha kijana kutaka kupendwa kwa namna moja tu. Lakini hapohapo najijibu: kama ilikuwa heshima, mbona ilinitenga? Na kama ilinitenga, je, aliyeweka kiti alikuwa mama, au nilikuja nacho mimi mwenyewe, nimekivaa mwilini na kola yake na vifungo vyake? Miaka karibu hamsini naligeuza jambo hili, na kila ninapolilaza upande mmoja huinuka upande wa pili.

Kuna asubuhi moja tu nimeihifadhi. Siku ya kuondoka niliamka usiku wa manane, basi lilikuwa la alfajiri, na gauni lilikuwa limekwisha kukunjwa sandukuni. Nilijifunga kanga ya bibi yako, ile ya kahawia iliyofuliwa mpaka ikalainika, nikakaa jikoni kwenye kigoda. Taa ya chemni ilikuwa ndogo. Yeye alikuwa akikoroga chai huku amenipa mgongo, ananilaumu kwamba nimekonda, na bila kugeuka vizuri alichukua kikombe cha bati, akamimina, akanikabidhi. Hakufikiri. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi kupita kiasi, na bati liliniunguza midomo kama lilivyoniunguza siku zote. Sikusema neno, nikiogopa akigundua atakibadilisha. Nimekunywa chai Harrogate kwenye mkahawa wa Bettys, nimekunywa London, na sijakunywa chai kama ile.

Niliporudi moja kwa moja mwaka 1979 vikombe vya mawaridi vilikuwa bado kabatini, na bibi yako hakunitolea tena, maana nilirudi na mtoto mgongoni na kazi ya zamu za usiku. Gauni lilidumu mpaka miaka ile madukani hapakuwa na kitambaa wala sabuni, nikalikata mwenyewe nikamshonea dada yako vigauni viwili. Kitu kizuri ni cha kutumiwa, na sikulilia. Vifungo vyake sita vipo kwenye lile kopo la biskuti la nyuzi, ukivitaka ni vyako.

Vikombe ndivyo vinavyonisuta. Vimebaki vitano, cha sita ulikivunja wewe ukiwa na miaka minne, na hukuchapwa. Mimi ninayewahubiria kwamba kitu kizuri ni cha kutumiwa nimevifungia kabatini kama alivyovifungia yeye, na kila Idi navitoa, navifuta, navirudisha. Mara nyingine nadhani ningevitumia kila siku mwiba ule ungetoka. Mara nyingine nadhani nikivitumia kila siku nitakuwa nimemnyang'anya bibi yako kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa mtu aliyetoka mbali.

Sasa unaniuliza uvae nini. Ulimi unaniwasha, mwanangu. Ninayo rai yangu, na unanijua kwamba si kawaida yangu kuinyima rai yangu hewa. Lakini mama aliyechagua gauni lake kwa makini vile, akakosea au asikosee, hana haki ya kukuchagulia lako. Hili moja nitalisema: chai yako uiandae. Njoo na vyombo viwili vya kuokea keki vya ukubwa mmoja, kwa sababu vyangu vimepinda, na jemu ya rasiberi, maana hapa ya embe tunayo lakini haina ule uchachu. Majani ya chai usibebe, ya Usambara yapo. Mayai nitayapima mimi.

Mama yako mdogo aliniuliza jana nitoe vikombe vipi siku utakapofika. Nimemwambia asiguse kabati mpaka nimekuona umeshuka garini.

Mama yako