Kabla Hamjapokea Mradi, Ulizeni Kipuri Kinauzwa Wapi

Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya maji ya kijiji chetu, huku tambarare chini ya mji wa Moshi, siku wafadhili walipotukabidhi kisima cha pampu ya sola. Utepe ulikatwa, risala ikasomwa, akina mama wakacheza mpaka jua likazama. Furaha ile ilikuwa ya haki kabisa. Aliyezoea kuamka saa kumi usiku kufuata maji mtoni ana kila sababu ya kucheza.

Miezi kumi na minne baadaye pampu ikazima. Fundi tuliyemtoa mjini alifungua kile kisanduku cha kuongozea umeme wa sola, akatuonyesha palipoungua: doa jeusi lisilozidi ukucha wa kidole gumba. Maduka yote aliyoyajua, Moshi na Arusha, hayakuwa nacho. Ni cha kuagiza nje. Tukaliandikia shirika lile barua, likajibu kwamba mradi umeshafungwa. Nikafungua daftari langu. Tulikuwa tunatoza shilingi 50 kwa ndoo, lakini hela karibu yote ilikwenda kwa mlinzi na posho za vikao, na kaya nyingi hazikulipa kwa sababu tulishatangaza kuwa maji ni ya msaada. Hapo kosa lilikuwa letu.

"Mwanangu, hii ndoo niipeleke wapi sasa?" bibi mmoja aliniuliza. Sikuwa na jibu.

Nikaanza kuitazama upya mifereji ya wazee wetu kule mlimani. Koo za Kichagga ziliichimba kabla wakoloni hawajafika, na mingine inapitisha maji hadi leo. Siyo kwamba haiharibiki, masika huipasua. Ila cha kuzibia ni udongo, mawe na majani, vyote viko palepale, na msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ukiitishwa kila kaya inatoa mtu. Asiyefika anatozwa faini. Zamani faini ilikuwa mbege, pombe yetu ya ndizi.

Sisemi mkatae misaada. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, huduma za VVU ziliyumba katika nchi nyingi za Afrika, na mgonjwa anayemeza dawa kila siku huwezi kumhubiria kujitegemea. Lakini uamuzi ule ulifanyika mbali, bila yeye kuulizwa. Azimio la Arusha lilishatuonya tangu 1967 kwamba kutegemea fedha za nje kunahatarisha uhuru wetu.

Kwa hiyo wewe uliye kwenye kamati, kabla hamjasaini, muulize mfadhili: kitakachoharibika kwanza ni kipi? Kinauzwa duka gani, kwa bei gani? Nani hapa kijijini atafundishwa kukifungua? Vipuri vya akiba vikabidhiwe siku ileile ya utepe. Fungueni akaunti ya matengenezo tangu ndoo ya kwanza, na posho isiiguse. Jisajilini pia kama chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, kwa sheria ya 2019, ili RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, iwatambue na muwe na pa kubisha hodi wafadhili wakishaondoka.

Sisi tulichangishana baada ya mavuno, tukaagiza visanduku viwili. Kimoja kinafanya kazi. Cha pili kimefungwa nailoni kwenye kabati la ofisi ya kijiji lenye kufuli mbili: ufunguo mmoja ninao mimi, mwingine anao yule bibi, ambaye sasa ni mjumbe wa kamati.