Maswali na majibu: Baraza Kuu la Wayahudi halikuwa taifa la Wayahudi

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: Baraza lililomhoji Yesu, likawaweka mitume kizuizini na likamsikiliza Paulo, lilikuwa chombo gani? Nimechagua zile zilizonipa nafasi ya kusema neno ambalo, naona, mimbari zetu zinalikwepa.

Baraza lilikuwa na wajumbe wangapi, na je, wote walikuwa Mafarisayo?

Idadi ya wajumbe 71 inatoka katika Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilika mnamo mwaka 200, yaani zaidi ya karne moja baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70. Kwa hiyo itajwe kwa tahadhari. Injili zenyewe zinataja makundi matatu: wakuu wa makuhani, wazee na waandishi. Ama kuhusu Mafarisayo, anayeuliza hivyo hajafungua Matendo 23, ambapo Paulo alitaja ufufuo wa wafu mbele ya Baraza, na mara wajumbe wakagawanyika, Mafarisayo upande wao na Masadukayo, wasioamini ufufuo, upande wao, hata jemadari wa Kirumi akaogopa wasije wakamrarua.

Kama Baraza lilikuwa na mamlaka, kwa nini Yesu alipelekwa kwa Pilato?

Kwa sababu mamlaka hayo yalikuwa ya kukopeshwa. Anasi aliwekwa na Warumi mwaka 6 kuwa kuhani mkuu, ambaye ndiye mwenyekiti wa Baraza, na akaondolewa na liwali Valerius Gratus mwaka 15. Mkwewe Kayafa alishika nafasi hiyo mnamo mwaka 18, naye akaondolewa mwaka 36 na Vitellius, liwali wa Shamu. Mwanahistoria wa Kiyahudi Josephus anaeleza jambo ambalo lingetosha kufunga mjadala huu: mavazi matakatifu ya kuhani mkuu yalikuwa chini ya ulinzi wa Warumi katika ngome iliyopakana na Hekalu, ndani ya chumba cha mawe kilichotiwa muhuri, ambamo mkuu wa walinzi aliwasha taa kila siku. Siku 7 kabla ya sikukuu mavazi yalitolewa ili yatakaswe, na baada ya siku ya kwanza ya sikukuu yalirudishwa humo. Mwenyekiti wa Baraza ambaye hawezi kuvaa joho lake la ibada mpaka askari wa kigeni amfungulie mlango hakuwa mtawala wa nchi, hata kama mbele ya watu wake alionekana hivyo. Ndiyo maana katika Yohana 18:31 wanamwambia Pilato kwamba hawana ruhusa ya kuua mtu. Msalaba ulikuwa adhabu ya Kirumi, uliamriwa na liwali wa Kirumi na ukasimamishwa na askari wake.

Mbona basi Stefano alipigwa mawe?

Soma tena mwisho wa Matendo 7: hakuna hukumu inayotajwa, kuna kelele, kuziba masikio na kumrukia kwa pamoja. Mfano wenye uzito zaidi ni wa Yakobo, ndugu yake Bwana, mwaka 62. Liwali Festo alikuwa amefariki na Albinus, aliyeteuliwa kushika nafasi yake, alikuwa bado njiani. Kuhani mkuu, mwana wa yule Anasi wa Injili, akatumia mwanya huo kuitisha baraza la waamuzi na kumtoa Yakobo apigwe mawe. Walioshtaki kitendo hicho, kwa mujibu wa Josephus, walikuwa wakazi wa Yerusalemu waliosifika kwa uadilifu na kwa kushika sheria, yaani Wayahudi wenyewe. Albinus akaandika barua ya ghadhabu, na Mfalme Agripa wa pili akamwondoa kuhani huyo baada ya miezi 3 tu madarakani. Kisa hiki sijawahi kukisikia kikihubiriwa.

Mhubiri wetu alitaja orodha ndefu ya sheria zilizovunjwa usiku wa hukumu ya Yesu. Je, ni kweli?

Orodha hiyo imechotwa katika Mishna ile ile, na hatuna uhakika kwamba kanuni zake zilifuatwa katika siku za Kayafa. Isitoshe, Injili hazisimulii kikao hicho kwa namna moja: Marko ana kikao cha usiku na shauri la alfajiri, Luka analikutanisha Baraza kulipokucha, na Yohana anasimulia mahojiano ya Anasi kisha safari ya kwenda kwa Kayafa, bila hukumu ya Baraza usiku huo. Anayetaka kuwa wakili wa kesi hiyo aanze kwa kusoma jalada.

Je, si Wayahudi wote waliobeba hatia ya damu yake?

Hapana, na swali hili linanichosha. Yusufu wa Arimathaya alikuwa mjumbe wa Baraza, na Luka anasema hakukubaliana na shauri lao. Kanisa Katoliki lilitamka mwaka 1965 kwamba mateso ya Yesu hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule bila kubagua, wala Wayahudi wa leo. Kwa karne nyingi hubiri la kuwabebesha Wayahudi wote hatia lilifuatwa na mauaji yao huko Ulaya. Anayelirudia leo ajue anachorithi.

Ni kweli kwamba Baraza limefufuliwa Israeli?

Kundi la marabi lilikutana Tiberia mwaka 2004 na kujitwalia jina hilo. Halina mamlaka yoyote ya serikali, na anayekuuzia video ya siku za mwisho kwa habari hiyo anatafuta watazamaji.

Je, Baraza la Matendo 15 ndilo hilo hilo?

La. Kile kilikuwa kikao cha mitume na wazee wa kanisa.

Gamalieli, mjumbe wa Baraza aliyeshauri mitume waachwe, aliokoka? Na je, ushauri wake hautukatazi kuwahoji watumishi wa Mungu?

Hadithi za kanisa za baadaye zilimfanya mwamini wa siri, lakini Matendo yanamwita Farisayo na mwalimu wa torati, na Mishna inamheshimu kama mwalimu wa marabi. Maneno yake katika Matendo 5 yalilenga kuzuia mauaji. Kuyageuza ngao ya mchungaji asiyetaka kusoma hesabu za sadaka mbele ya washarika ni utapeli. Tena, wajumbe walioukubali ushauri huo waliwachapa mitume kwanza, wakawakataza kunena kwa jina la Yesu, ndipo wakawaachilia.