Koo Moja, Kazi Mbili

Siku ya kwanza kuingia studio, sikumaliza hata sentensi ya pili. Fundi wa sauti alivua vipokea sauti masikioni, akanitazama kupitia kioo, akasema, "Kaka, huku hakuna mtu wa safu ya nyuma." Miaka ya kuigiza kwenye kumbi za mikoani ilikuwa imenifunza kurusha sauti mpaka ukuta wa mwisho. Maikrofoni haitaki kurushiwa. Iko kama shubiri moja tu kutoka mdomoni, inasikia hata mate unayomeza.

Kama unatoka jukwaani na unataka kuongeza kazi ya sauti (na utataka, maana maonyesho yakiisha na kipato kimeisha), anza na hilo. Iweke maikrofoni upande kidogo, isitazamane na mdomo, la sivyo kila "p" na "b" italipuka. Usivae nguo zinazochakarika. Maji yanywe tangu asubuhi, usingoje mpaka umekaa kitini. Nyumbani, kabati lililojaa nguo linarekodi vizuri kuliko sebule tupu, ingawa utatoka humo umelowa jasho.

Hayo utayazoea. Lililonitesa mimi ni ratiba. Kuna wiki nilikubali kurekodi sauti za mchezo wa kompyuta kila asubuhi: mtu anachomwa mkuki, anaanguka kutoka mnarani, anakufa kwa namna kumi na mbili. Jioni niko jukwaani. Siku ya tatu, katikati ya onyesho, nikafungua mdomo ikatoka pumzi tupu. Mwenzangu akayadaka maneno yangu, akayasema yeye kana kwamba ananisuta, na watazamaji wakacheka wakidhani ndivyo mchezo ulivyo. Namshukuru mpaka leo.

Tangu hapo naomba mayowe yarekodiwe mwisho kabisa, na kesho yake sipokei kazi. Koo likikwaruza, sinong'oni, maana kunong'ona kwa nguvu nako kunazichosha nyuzi za sauti. Nanyamaza tu, hata nyumbani wakidhani nimenuna. Likikwaruza wiki tatu mfululizo, nenda kwa daktari wa koo.

Halafu pesa. Kwenye vitabu vya kusikiliza, saa moja iliyokamilika, yaani ya sauti iliyo tayari kusikilizwa, ni maneno kama 9,000, na kuipata hula saa mbili au zaidi mbele ya maikrofoni, bado kuhariri. Ukitajiwa malipo "kwa saa", uliza ni saa ipi. Mimi sikuuliza, nikasoma kitabu kizima kwa nusu ya nilichodhani.

Siku hizi nauliza pia sauti itatumika wapi, kwa muda gani, na kama wataitumia kufundishia programu ya kutengeneza sauti bandia. Mkataba ukiwa kimya, naongeza sharti langu kwa kalamu kabla ya kusaini, nawarudishia. Wengine hawapigi simu tena.