Swali la Lugha: Mapinduzi, Kupinduliwa na Mageuzi

Mwanafunzi wa historia anauliza: “Kitabu chetu kinasema Mapinduzi ya Ufaransa yalianza mwaka 1789, kisha kinasema Napoleon alifanya mapinduzi mwaka 1799. Je, neno hili lina maana moja? Na nikiandika kwamba Louis XVI alipinduliwa mwaka 1789, nitakuwa nimekosea?”

Utakuwa umekosea, na kosa lenyewe linatokana na kulichukua jina (yaani nomino) kana kwamba ni kitenzi. Mapinduzi, likiwa jina, hubeba mfululizo mzima wa matukio: kutekwa kwa ngome ya Bastille tarehe 14 Julai 1789, kufutwa kwa haki za kikabaila mwezi uliofuata, na mengine mengi ya miaka iliyokuja baadaye. Kitenzi pindua hudai mtendwa na wakati wake. Louis XVI aliendelea kuwa mfalme hadi mwaka 1792, ufalme ulipofutwa mwezi Septemba. Kwa hiyo mapinduzi yalianza 1789, lakini mfalme alipinduliwa 1792. Napenda sana swali hili, kwa sababu hapa sarufi na historia zinasahihishana.

Mwaka 1799 neno ni lilelile, ila upana wake ni mdogo zaidi. Mwezi Novemba, Napoleon, jenerali wa jeshi la Ufaransa, na wenzake waliiondoa serikali ya wakurugenzi watano kwa msaada wa askari, wakashika madaraka wao. Sioni haja ya kubuni jina jipya la tukio la namna hiyo, maana maelezo mafupi yanatosha: andika mapinduzi ya kijeshi, au taja kilichopinduliwa.

Usilichanganye neno hili na mageuzi. Chombo kikigeuka baharini hubadili mwelekeo huku abiria wameketi. Kikipinduka, mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, hutazama juu na waliokuwamo wamo majini. Ndiyo maana sheria ya Uingereza ya mwaka 1832, iliyoongeza idadi ya wapiga kura bila kuuondoa ufalme wala bunge, huitwa mageuzi.

Neno mapinduzi halina umoja unaotumika, hata tukio likiwa moja. Urusi ilipata mapinduzi mawili mwaka 1917: ya Februari, yaliyomng’oa mfalme Nicholas II, na ya Oktoba, yaliyowaingiza madarakani Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi. Hayo ya Oktoba ni mapinduzi ya pili, si “pinduzi la pili”.